Daftari la Madeni: Somo la Chama cha Wenye Maduka wa Nakivale

Mwalimu wenu wa somo la biashara amenitaka niandike katika gazeti hili habari za vyama vya wafanya biashara: ni vyama gani, huongozwaje, na vyafaa nini. Nimekubali, ingawa kalamu yangu imezoea kuandika sukari na sabuni kuliko makala. Mimi ni mwenye duka huku Nakivale. Nilikuwa katibu wa chama chetu kwa miaka minne, kisha nikachaguliwa kuwa mwenyekiti. Baadhi ya nitakayoyasema mnaweza kuyapata vitabuni. Mengine niliyajifunza kwa aibu, nayo ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Kitabu kitawaambia ya kuwa chama cha wafanya biashara ni umoja wa watu wenye kazi moja, waliokusanyika ili kulinda faida yao na kusema kwa sauti moja mbele ya wakuu. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yana upungufu mmoja mkubwa: mnunuzi hakutajwa. Nasi tulipoanza chama chetu mwaka 2017 tulimsahau vivyo hivyo, wala hapana aliyeona ajabu.

Kwanza yafaa niwaeleze mahali penyewe, maana najua baadhi yenu mwakaa Mbarara mjini na Nakivale mwaijua kwa jina tu. Makazi haya yako katika wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Yalianzishwa mwaka 1958, na walioyajaza kwanza ni Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959 na miaka iliyofuata. Eneo lake ni kama kilometa 185 za mraba. Leo wamo watu zaidi ya 150,000. Wakongo ndio wengi, tena wamo Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengine, na kuzunguka pande zote wanakaa wenyeji, wakulima na wafugaji wa Ankole. Familia hugawiwa kipande cha ardhi, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 yampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na biashara.

Kwa hiyo ukipita Base Camp asubuhi hudhani umo katika kambi. Hapa Mkongo anatundika vitenge mlangoni, pale Msomali anafungua duka la simu na tambi, huku Mwethiopia anachoma kahawa hata harufu yake yakuzuia usiende zako. Mnyankole amefunga mikungu ya matoke juu ya baiskeli, anaisukuma kwa mkono kwa sababu yeye mwenyewe hana pa kukaa. Lugha zagongana, lakini wakati wa kulipa karibu wote husema Kiswahili. Na bidhaa nyingi za madukani zatoka Mbarara, kwa wenye maduka ya jumla.

Safari hiyo ya Mbarara ndiyo iliyozaa chama. Zamani kila mwenye duka alikwenda peke yake, akanunua magunia mawili ya sukari na katoni chache za sabuni, akatafuta gari dogo la kumrudisha, akalipa apendavyo mwenye gari. Tukaona ujinga wetu. Tukakusanyika watu kumi na wanane, tukatoa kiingilio, tukaanza kukodi lori moja kwa pamoja mara moja kwa juma. Gharama ya kila gunia ikashuka karibu nusu. Tena kwa kuwa tulinunua mzigo mkubwa, wenye maduka ya jumla wakaanza kutuita "wateja" na kutupa viti. Mtu asiyewahi kuachwa amesimama saa mbili mbele ya meza ya tajiri hatajua utamu wa kiti hicho.

Sasa sikilizeni swali ambalo halikuulizwa: je, bei ya sukari katika maduka yetu ilishuka? Haikushuka hata kidogo. Nafuu yote ilikaa kwetu. Mwaka wa tatu nilifungua kitabu cha kumbukumbu za mikutano, nikasoma tangu ukurasa wa kwanza. Tulizungumza habari za lori, za wezi wa usiku, za ushuru, za mlinzi, za mwanachama aliyeshusha bei bila ruhusa akatozwa faini. Mambo ya wanunuzi yalitajwa mara moja tu, nayo yalihusu namna ya kuwabana walipe madeni. Mwandiko ulikuwa wangu.

Na hapo ndipo nifikapo kwenye aibu yangu.

Katika makazi kama haya watu wengi huishi kwa kutazamia posho ya mwezi. Mwenye kuishiwa kabla ya siku yake huja dukani kukopa. Mwenye duka naye aogopa, maana mkopaji aweza kuhamia kijiji kingine au kurudi kwao. Basi ikaanzishwa desturi mbaya: mkopaji huacha rehani kadi yake ya posho, na mwenye duka huifungia kabatini mpaka siku ya kugawa. Desturi hiyo haikuwa ya Nakivale tu, na wakuu waliikataza, lakini iliendelea kichinichini. Sisi tulifanya zaidi ya kuinyamazia. Tulikata shauri mkutanoni kwamba kila mwanachama adai kadi kwa deni lizidilo kiasi fulani, ili pasiwe na duka "laini" la kukimbiliwa na wakopaji. Azimio hilo nililiandika mimi, nikalipigia mstari kwa rula.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mwezi wa Aprili Shirika la Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, lilipunguza posho ikawa asilimia 70 ya kiasi cha kwanza, na mwezi wa Februari 2021 ikashuka tena hata asilimia 60. Kwa waliopewa fedha badala ya chakula, shilingi 31,000 kwa mtu kwa mwezi zikawa 22,000, kisha 19,000. Fanyeni hesabu ya familia ya watu watano. Walikuwa wakipata 155,000, wakabaki na 95,000. Tena ulikuwa wakati wa korona, shule zimefungwa, vibarua vimekwisha. Kabati langu likajaa kadi.

Siku moja mwanzoni mwa mwaka 2021 nilikwenda Mbarara na lori la chama. Wakati wa kurudi lori likaharibika njiani, tukalala humo humo juu ya magunia. Asubuhi yake ilikuwa siku ya posho katika kijiji chetu. Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu. Nilipofika jioni nikakuta watu wameketi mbele ya duka. Hawakuwa na kelele, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Walikuwa wamekosa kupanga mstari kwa sababu hawakuwa na kadi, wakaambiwa wangoje siku ya wale waliokosa, ambayo haikuwa karibu.

Mama mmoja, nitamwita Mama Riziki, akasimama. "Papa Amani," akaniambia, "mimi sikukuibia. Deni nalikubali. Lakini leo umefunga chakula cha watoto wangu ndani ya kabati lako, ukaenda safari. Na kesho nitakuja kukopa unga kwako wewe wewe, kwa bei ya mkopo, kwa ajili ya siku ulizoninyima wewe. Hesabu hiyo utaiandika wapi?"

Nilimwomba radhi. Alipokuja kesho yake nilimpa unga bila kuuandika. Lakini swali lake lilikuwa swali la hesabu kweli kweli, na kwa kuwa hili ni somo, tulifanye pamoja. Tuseme kilo ya unga wa mahindi ni shilingi 2,000 kwa taslimu, na kwa mkopo wa mwezi mmoja ni 2,500. Mtu husema, "Shilingi 500 tu." Lakini 500 juu ya 2,000 ni asilimia 25 kwa mwezi mmoja. Mama akikopa kilo 20, atalipa 50,000 badala ya 40,000. Zile 10,000 zilizozidi ni kilo tano za unga ambazo watoto wake hawakuzila. Mwezi ujao ataanza akiwa na upungufu huo, kwa hiyo atakopa mapema zaidi. Deni la namna hiyo halina mwisho wake, nalo huongezeka hata kama mkopaji ni mwaminifu kabisa. Linganisheni na chama cha kuweka na kukopa: kikitoza asilimia 3 kwa mwezi, mkopo wa 40,000 utagharimu shilingi 1,200. Huku Nakivale kipo chama cha namna hiyo kilichoanzishwa na wakimbizi wenyewe, kiitwacho Moban. Lakini mwenye njaa ya leo hakimbilii penye fomu, hukimbilia dukani. (Wenzetu Waislamu walinieleza kwamba kuzidisha bei kwa sababu ya muda ni jambo moja, na riba ni jingine. Sikutaka kuingia katika fikihi. Nasema habari za unga.)

Habari ya kadi zile ilienea vijiji vyote kabla ya jua kuchwa. Watu hawakusema "duka la Papa Amani", walisema "chama." Sisi tuliokuwa tukijivunia sauti moja tukaona ya kuwa mtu akikosa mmoja hutukanwa wote.

Nikaitisha mkutano, nikaleta shauri la kurudisha kadi zote. Msidhani ilikuwa rahisi. Mzee mmoja Msomali, mwenye duka kubwa kuliko yote, mtu mwema anayeheshimiwa, alisema, "Ndugu Katibu, ukirudisha kadi leo, kesho hutakuwa na duka, utakuwa na sadaka." Wengi wakapiga makofi. Nami sikuwa na maneno mazuri ya kumjibu. Nilikuwa na daftari tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari nalo likikaa bila kusomwa ni karatasi tu. Usiku uliotangulia nilikuwa nimekaa na taa, nikaandika upande mmoja waliokopa kwa kuacha kadi, na upande wa pili waliokopa kwa uso wao tu, maana hao walikuwapo pia: majirani, watu wa kanisani, wakwe. Nikahesabu waliolipa. Kwa kila kumi wenye kadi, wanane walilipa. Kwa kila kumi wasio na kadi, wanane hivi walilipa pia. Kumbe kadi zile hazikuwa zikinilinda na hasara. Zilikuwa zikinipa kiburi cha kufuli.

Nikawaomba wenzangu kila mmoja akafanye hesabu hiyo kwa siri, turudi baada ya juma. Waliporudi, wengine walikuwa na tofauti kubwa kidogo kuliko yangu, lakini hapakuwa na yeyote aliyeweza kusema kwamba kadi ndiyo iliyomlisha. Mzee yule alinyamaza. Mwisho akasema, "Zirudisheni. Lakini katibu ndiye atakayejibu." Kura zikawa kumi na moja kwa saba. Wawili kati ya wale saba wakajitoa katika chama, na mmoja wao hajarudi mpaka leo.

Wanafunzi wangu, mkiongoza chama cho chote jambo hili litawafaa: msibishane na mwenye hofu kwa maneno ya huruma. Hofu yake ni ya kweli, ana watoto naye. Mpeni kazi ya kuihesabu.

Tulizirudisha kadi mchana, hadharani, mbele ya viongozi wa baraza la wakimbizi la kijiji, kila mtu akatiwa alama katika orodha. Hapo tukapata kusikilizwa. Lakini kuacha kumdhulumu mtu si sawa na kumfaa, nasi tulipomaliza kupongezana tuliona chama bado ni kile kile.

Katika siku hizo nilisoma habari za Rochdale, mji wa Uingereza, ambazo mwalimu wenu anazijua. Mwaka 1844 watu 28, baadhi yao wafuma nguo, kila mmoja alitoa pauni moja, wakafungua duka dogo tarehe 21 Desemba. Waliuza unga, sukari, siagi na shayiri. Sheria zao ndizo zilizonishangaza: vipimo kamili, bidhaa safi zisizochanganywa na takataka, kila mwanachama kura moja, na faida kugawiwa kwa kadiri mtu alivyonunua, wala si kwa kadiri ya mtaji wake tu. Baadaye wakatenga asilimia mbili na nusu ya faida kwa elimu. Nao walikataa kabisa kuuza kwa mkopo, kwa kuwa walikwisha kuona deni linavyowala maskini. Hili la mwisho hatukuweza kulifuata. Mfumaji wa Rochdale alipokuwa na kazi alipata mshahara kila juma, lakini mnunuzi wetu hungoja mwezi, au mavuno. Kufuta mkopo Nakivale ni kuwaambia watu wafunge. Basi tukaweka mpaka: deni la familia lisizidi kiasi tulichokubaliana, na bei ya mkopo isizidi ya taslimu ila kidogo, nayo ibandikwe ukutani kwa wino mzito. Vipimo kamili tuliviiga vilevile vilivyo.

Kwa ajili hiyo tulinunua mzani mmoja kwa fedha za chama, tukauhakikisha kwa Shirika la Viwango la Uganda, tukauweka penye kibanda cha mlinzi sokoni. Mtu ye yote akinunua cho chote katika duka lo lote aweza kupita hapo akapima tena bila malipo. Juma la kwanza watu walipanga mstari kama kwenye sinema. Kilo moja ya sukari ya mwanachama mmoja ilionekana kupungua kama kijiko kikubwa. Akasema mzani wake umeshika kutu kwa sababu ya unyevu wa ziwa. Tukamsadiki mara ile ya kwanza.

Lakini kilichobadili chama zaidi ni lori, na shauri hilo halikutoka kwetu. Lilitoka kwa mkulima Mnyankole, jirani wa makazi, aliyekuja kupima maharagwe yake penye mzani. Akauliza, "Hili lori lenu, likienda Mbarara hubeba nini?" Tukatazamana. Halikubeba kitu. Miaka minne tulikuwa tukilipia lori kwenda tupu na kurudi limejaa, huku wakulima, wakimbizi na wenyeji pamoja, wakiuza mahindi na maharagwe shambani kwa wachuuzi waliokuja na pikipiki na bei yao mdomoni. Tuseme mchuuzi anatoa shilingi 700 kwa kilo, na Mbarara kilo ni 950. Ukitoa 80 za gari na kupakia, mkulima amebakiwa na 870. Kwa gunia la kilo 100 amepata 17,000 zaidi. Na sisi wenye maduka tumepata nini? Kwanza, gharama ya lori inagawanywa pande mbili. Pili, mkulima akirudi na fedha yake hulipa deni, tena hununua kwa taslimu. Hapo ndipo yule mzee Msomali alipocheka mara ya kwanza tangu habari ya kadi.

Ilikuwa na taabu zake. Gunia moja lilikutwa na mawe katikati. Mara ya pili mahindi yalikuwa mabichi, mnunuzi wa Mbarara akayakataa, tukayarudisha na gharama juu yetu. Sasa hatupakii mahindi mpaka yakaushwe juu ya turubai, na mtu wa kuyakagua si mwenye duka wala si mwenye mahindi.

Labda mtauliza kwa nini wakimbizi wenye maduka wajisumbue na wenyeji. Nawakumbusheni historia ya nchi hii. Mwaka 1959, katika Buganda, watu walihimizwa na chama cha Uganda National Movement, ambacho Augustine Kamya alikuwa msemaji wake mashuhuri, wasinunue katika maduka ya wasio Waafrika, na mgomo huo ukaendelea hata mwaka uliofuata. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Ulikuwa udhalimu, na nchi nzima ililipa: maduka yaligawiwa watu wengine, na baada ya muda sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya kutafutwa kwa magendo. Siwalaumu waliofukuzwa. Nasema tu kwamba sisi, tulio wageni na tena wenye maduka, tungekuwa wapumbavu kuisoma habari hiyo kama habari ya watu wengine. Wataalamu wa Oxford walioandika juu ya uchumi wa wakimbizi wa Uganda mwaka 2014 walikuta kwamba katika Kampala, kati ya watu walioajiriwa na wakimbizi, asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Ni neno la kujivunia. Lakini jirani yangu Mnyankole hakusoma kitabu hicho. Yeye ajua tu kama lori limepakia maharagwe yake.

Na sheria yenyewe ina fundisho ambalo nilichelewa kuliona. Ile sheria ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kujiunga na vyama visivyo vya siasa na visivyo vya kutafuta faida. Yaani mimi dukani mwangu naweza kutafuta faida, lakini chama si duka. Tulikuwa tumekiendesha kama duka la kumi na tisa, lenye wenyewe kumi na wanane.

Juu ya kuendesha mikutano nitasema machache. Nilipokuwa mwenyekiti niliomba mambo mawili. La kwanza, habari za wanunuzi na wakulima ziwe za kwanza katika orodha ya mazungumzo, maana za mwisho hufikiwa watu wakiwa wamekwisha vaa kofia. La pili, katika kamati wawepo watu wawili wasio na maduka, wenye kura kamili. Hili lilipingwa kuliko hata kadi. "Mbuzi hamwiti chui kwenye ugawaji wa majani," alisema mmoja, nami sijui mithali hiyo aliitoa wapi, wala ni nani aliyekuwa chui. Lilipita kwa kura mbili. Wa kwanza aliyechaguliwa ni yule mkulima. Wa pili ni Mama Riziki. Kumbukumbu husomwa kwa Kiswahili, kisha mtu mmoja hufasiri kwa Kisomali na mwingine kwa Kinyarwanda. Mkutano hurefuka, lakini hapana tena mtu asemaye mlangoni, "Sikusikia."

Mwenyekiti naye ajifunze kunyamaza. Mimi bado najifunza.

Mwaka 2023 Shirika la Chakula lilianza kuwagawanya watu makundi matatu kwa kadiri ya shida zao, na kundi la tatu halikupewa tena posho. Mwaka 2025 msaada ukaondolewa kwa watu karibu milioni moja katika makazi yote ya Uganda. Wengi wa wateja wetu walikuwamo. Sasa hapakuwa na kadi ya kushika hata kama tungetaka, wala siku ya posho ya kungojea deni. Nikaona hatari, nikaleta shauri katika kamati kwamba mpaka wa mkopo upunguzwe nusu. Nilikuwa nimeandaa hesabu zangu vizuri, kama kawaida.

Mama Riziki akaomba kuziona. Alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari, sisi tukingoja. Kisha akasema, "Papa Amani, umehesabu kana kwamba watu bado wanakula kwa mwezi. Posho imekwisha. Sasa wanakula kwa msimu." Akashauri mpaka usiguswe, ila deni lilipwe wakati wa mavuno, na anayetaka alipe kwa maharagwe yaliyokauka, kwa bei ya Mbarara ya siku hiyo, yapimwe penye mzani wa chama na kwenda na lori. Mzee Msomali akauliza ni nani atakayebeba hasara mvua zikikosa. Akajibu, "Sisi wote nusu, ninyi nusu, kama mvua ilivyo." Wakazungumza mpaka taa ikawashwa.

Shauri langu lilipata kura tatu, la kwake kura sita. Katibu mpya ni kijana aliyemaliza katika shule hii yenu, ana mwandiko mzuri kuliko wangu, naye aliandika yote bila kunionea haya. Mavuno ya kwanza ya mpango huo yameanza kuingia juma hili. Jana nimepima magunia tisa, moja limerudishwa likaanikwe tena, na lori litaondoka Jumanne alfajiri.